Tela la kambi: jiko la gesi, hita ya dizeli

Ndugu Mhariri,

Wenye tela za kambi hapa Mwanza, wanaojiandaa kwa Serengeti na Ngorongoro, wengi hutaka kila kifaa kitumie dizeli kwa kuwa gari nalo ni la dizeli. Kwa jiko, sikubaliani nao hata kidogo. Jiko la dizeli huchukua dakika kadhaa kushika moto, na plagi yake ya kuwashia hunyonya ampea 8 hadi 10 kwenye betri ya volti 12. Betri ikichoka, hakuna chai. Likipikiwa muda mrefu kwa moto mdogo hujaa masizi. Gesi huwaka papo hapo, na mtungi wa kilo 6 unabadilishwa dukani.

Ila gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi ukae wima ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa kuelekea chumbani, chenye tundu la chini linalotokea nje. Barabara mbovu hulegeza viungo vya bomba la gesi: pakeni povu la sabuni kila baada ya safari mwone kama panatoa mapovu, yaani panavuja, na fungeni valvu kabla ya kuondoka au kupanda kivuko.

Friji ya gesi msinunue, tela likiinama haipozi. Ya kompresa ya volti 12 pamoja na sola ndiyo inayofaa.

Dizeli iwe ya hita ya kupasha chumba joto. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, una baridi kali usiku. Lakini hewa ya huko ni nyepesi, hivyo chagueni hita inayopunguza mafuta kulingana na mwinuko, la sivyo itatoa moshi mweusi na kuziba.

Fundi wa tela,
Nyakato, Mwanza