Wanangu Mnaoitafiti China, Nitajieni Kijiji

Wanangu wapenzi,

Nimestaafu kufundisha, lakini rasimu za tasnifu zenu bado zinanifikia, nami nazisoma zote. Kinachonisumbua ni vichwa vyake: "Utamaduni wa Wachina", "Familia ya Kichina". Nchi ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Mwanafunzi aliyekaa kule muhula mmoja atawaeleza vipi wote hao?

Msomeni Fei Xiaotong, mwanasosholojia wa Kichina. Mwaka 1935 alikuwa milimani Guangxi, kusini mwa China, na mkewe, Wang Tonghui, wakiwatafiti Wayao (wa huko, si hawa wetu wa Tunduru). Fei akanasa katika mtego wa chui milia. Mkewe alikwenda kutafuta msaada, akafa maji njiani. Mwaka uliofuata, mwili ukiwa bado unauma, kijana huyo mjane alikwenda kupumzika Kaixiangong, kijiji cha wafuga viwavi wa hariri karibu na ziwa Tai. Dada yake, Fei Dasheng, alikuwa akiwasaidia wanakijiji kuendesha kiwanda cha ushirika cha hariri.

Fei hakuuliza Mchina ni mtu wa namna gani. Aliuliza nani analima wapi, nani anamdai nani, nani atarithi. Ndipo akaona kwamba mashamba yalikuwa madogo mno, na hariri ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo. Bei ya hariri ilipoporomoka duniani watu walikopa, na umiliki wa ardhi ukahamia kwa wenye fedha wa mjini. Hayo yote kayapata kijijini, kwa kiangazi kimoja.

Kisha akarudi. Mwaka 1957 alikuta kazi za pembeni, hariri ikiwemo, zimedorora, akasema wazi. Mwaka huohuo alipachikwa jina la mfuasi wa mrengo wa kulia, yaani mpinzani wa chama tawala cha kikomunisti, akanyamazishwa kwa miaka mingi. Sosholojia yenyewe ilikuwa imefutwa vyuoni tangu 1952. Iliporudishwa mwaka 1979, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuijenga upya, na mwaka 1981 alikuwa Kaixiangong tena. Namheshimu mno kwa kurudi kule.

Kwa hiyo mkimhoji kibarua wa kiwandani katika jiji la Shenzhen, msianze na Confucius, yule mwanafalsafa wao wa kale. Muulizeni hukou yake iko wapi. Huo ni uandikishaji wa ukaazi uliowekewa sheria mwaka 1958, na hadi leo unagusa mahali mtoto wake atakaposoma. Muulizeni mtoto huyo analelewa na nani. Bibi aliyebaki kijijini atawafundisha mambo ya familia ambayo hamtayapata maktaba.

Na lugha, wanangu, jifunzeni hadi msome tangazo la ukutani bila msaada. Mgeni aliyetuandika sisi kwa kumtegemea mkalimani tunamtambua tangu ukurasa wa kwanza. Wao pia watawatambua.

Aliye tayari kubadili kichwa cha tasnifu yake aniletee jina la kijiji, mtaa au kiwanda kimoja, na maswali kumi atakayoanza nayo. Nitayasoma usiku huohuo.

Mwalimu wenu