Usiku mmoja huku, miaka sita kule

Pasua, Moshi
6 Julai

Aneth rafiki yangu,

Salaam nyingi kutoka huku chini ya mlima. Hatujambo, ila baridi ya Julai imeshuka na kilele cha Kibo hatujakiona tangu Jumatatu. Kauntabuku yenye hadithi yako ilifika salama. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli na karatasi ya kupigia hesabu, na naomba tuanze na hizo hesabu. Hapo ndipo hadithi yako inapovuja.

Umesema Manka, binti wa hadithi yako, alitumbukia kwenye nduwa, lile bwawa la kuhifadhia maji ya shamba, akazama nchi nyingine saa 12 jioni ya Jumatatu, akaishi kule miaka 6, akaibuka saa 12 asubuhi akiwa bado na miaka 11 na gauni la shule limemlowa. Vizuri. Basi usiku mmoja wa huku ni miaka 6 ya kule. Saa moja ni nusu mwaka, dakika 10 ni mwezi mzima. Sasa fungua sura ya 9: anarudi kule baada ya wiki tatu, na yule kijana rafiki yake anamkuta palepale alipomwacha, hata ndevu hazijamwota. Wiki tatu, Aneth, ni miaka 252. Hapo Manka hakuti mtu. Hakuti hata anayekumbuka jina la mtu huyo.

Najua utataka kubadilisha namba. Usibadilishe! Wewe umejaza kule mashetani wenye meno, na hayakunitisha hata moja. Kilichonitisha ni saa ya ukutani jikoni kwa mama yake. Manka amerudi Jumanne asubuhi, anavuliwa nguo, anapewa uji, anasukumwa shuleni. Anakaa darasani toka saa 2 hadi saa 8 mchana: miaka 3 imepita kule. Rafiki aliyemwacha na miaka 17, ukijumlisha na ule mwaka uliopita toka saa 12 hadi saa 2, sasa ana 21. Kulala na kuamka mara moja, tayari ana 29. Jumapili alfajiri, wenzake wakipiga pasi nguo za kanisani, ana 77, kama bado yupo. Mtoto anajua, na hana wa kumwambia. Anafanyiwa sherehe ya kuonekana huku yeye yuko msibani. Hiyo ndiyo hadithi yako, na haina haja ya jino hata moja.

Mlango wako ni mzuri kuliko unavyodhani, ila umeuacha bila kanuni. Nduwa hujazwa maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa Kichagga, usiku na kufunguliwa asubuhi, tena kwa zamu, kila ukoo na siku yake. Basi iwe hivyo: mlango upo nduwa ikijaa tu, na unampokea mtu kwenye zamu ya kwao tu. Kama zamu ya kwao inarudi baada ya siku 7, tayari kule imepita miaka 84. Akitaka kumkuta rafiki yake hai, hana njia ila kuiba maji ya jirani usiku wa kwanza au wa pili. Na kuiba maji ya mfongo huku mlimani si utani. Utapata wazee wamekaa kikao, baba anatozwa faini, ukoo unaaibika, na hakuna anayeelewa kwa nini mtoto mpole vile alikwenda kuzibua maji gizani. Kumbuka tu: ukisema mlango unamtaka mtu wa zamu, maji ya kuibiwa lazima yatoe kitu pungufu. Labda anaona na haingii. Labda anaingia bila sauti. Chagua moja uishikilie mpaka mwisho, maana msomaji husamehe kanuni kali, lakini hasamehi kanuni inayolegea mwandishi akibanwa.

Mizani ya saa haina haja ya kwenda upande wako. Katika ngano ya Kijapani ya Urashima Taro, mvuvi anakaa siku chache kwenye jumba la chini ya bahari, akirudi kwao imepita miaka 300. Msiba uko nyumbani. C. S. Lewis, mwaka 1950, katika The Lion, the Witch and the Wardrobe, alifanya kama wewe: watoto wanatawala kule mpaka wanakuwa watu wazima, kisha wanaporomoka kutoka kabatini wakiwa watoto tena, siku ileile. Ila yeye aliwaacha watoke kabatini karibu bila jeraha. Seanan McGuire, mwaka 2016, katika Every Heart a Doorway, ndiye aliyeanzia pale wengine wanapoishia: shule ya bweni ya watoto waliorudi na wanaotaka kwenda tena. Pia ana dira ya kupimia dunia hizo, yenye mantiki upande mmoja na upuuzi upande wa pili, na wema ukikabiliana na uovu. Jaribu kuiweka dunia yako kwenye dira hiyo. Mimi naiona ni ya mantiki na uovu, kwa hiyo yule mbuzi anayeimba sura ya 3 hana kazi humo, mchinje.

Lakini mizizi yako iko karibu zaidi. Marwe wa Wachagga alijitosa bwawani baada ya nyani kula maharage aliyotumwa kuyalinda, akakaa na bibi kizee katika nchi ya wafu, na siku ya kurudi akaulizwa achague, cha moto au cha baridi. Alichagua baridi, akatoa mikono ikiwa imejaa vikuku. Aliporudi, wachumba walimiminika, macho yote kwenye vikuku. Manka wako amerudi na mikono mitupu. Hilo peke yake linatosha kumfanya mama ajiulize mwanangu ametoa nini badala yake.

Kuhusu mwili: miaka 6 kule amebeba mizigo kwa shingo ya kijana wa miaka 17. Akirudishiwa shingo ya miaka 11, ndoo ya lita 20 itamwangusha, kwa sababu akili inaamini inaweza. Mkono utaishia shubiri moja kabla ya kufika kwenye rafu. Mambo haya yaandike mawili tu, mapema, uyaache.

Lugha ndiyo utajiri wako, na sura nzima umeipita mbio. Kiswahili kina pale, kule na mle. Mwanzoni mwache aseme “mle”, kwa kuwa bado ana maji masikioni. Baadaye aseme “kule”. Siku akianza kusema “pale”, msomaji ajue amekata shauri la kurudi. Halafu usiku, bila hasira wala maigizo, amuulize mama: “Kwenu huwa mnafunga mlango saa ngapi?” Kwenu! Mama ana mwiko mkononi, asijibu. Ukiweka hapo, zile kurasa nne za mama kulia zifute.

Neno “uchawi” litoe lote. Ukisema nchi ya kichawi, msomaji wa kwetu haoni maajabu, anaona ungo na makaburi. “Ujinini” na “Gamboshi”, kile kijiji kinachovumishiwa uchawi, nayo yana wenyewe. Na yule bibi wa macho mekundu anayeshukiwa, tafadhali, macho ya wazee wetu hufanywa mekundu na moshi wa kuni, na kuna vikongwe nchini humu wameuawa kwa rangi hiyo. Usiwaongezee.

Mgawanyo: una sura 12, 8 ziko kule. Geuza. Kule kupewe 2, fupi, na zisianze kitabu. Zije kwa vipande mtoto anapohesabu saa. Mchungaji, mganga na mwalimu wa hesabu wapunguze, mmoja atosha, nami ningembakiza mwalimu, maana ndiye atakayeona daftari limejaa 0.5, 3, 12, 84 na akaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Kauntabuku naituma Ijumaa kwa basi la mchana, ifuate stendi kabla ya jioni, mfuko wa bluu. Nimeandika pembeni kwa penseli, usichokitaka futa. Ukianza upya, anzia kwenye uji.

Nisalimie Mama na wadogo zako wote huko Sakina.

Ni mimi rafiki yako,
Oliva