Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: data za watu mnazijua ziliko?

Ndugu wanachama,

Hesabu za pesa mweka hazina atazisoma mwenyewe, mimi nabaki na lile lililotula muda karibu mwaka mzima, yaani sheria za faragha za nje na jinsi ofisi zetu zinavyohangaika nazo.

Bado wapo wanaosema GDPR, ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu, ni ya Ulaya haituhusu. Ukiwa unawauzia kitu watu walioko kule, au unafuatilia wanachofanya mtandaoni, inakukuta hata kama huna ofisi huko. Na haiko peke yake tena, Brazil wana sheria yao, LGPD, tangu 2020, China wana yao tangu Novemba 2021, California nao wana yao, sasa mwenye wateja kila kona akisema aandike sera moja moja kwa kila nchi atazeeka nazo. Ushauri wa kamati ni uchukue iliyo kali ndo iwe msingi, alafu uongeze pale penye tofauti.

Ila kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa daftari la data. Sio ile sera ya faragha ya kwenye tovuti, hiyo kila mtu anayo na nyingi zimenakiliwa kutoka kwa mwenzie. Nasema daftari linaloonyesha mna data gani, mmeichukua kwa sababu gani, nani anaiona, iko seva ya nani na itafutwa lini. Tulipokaa na wanachama kulijaza ndo vituko vikaanza, kuna ofisi ina mfumo mzuri kabisa wa wateja, nywila kila mahali, kumbe orodha ya waliohudhuria semina iko kwenye faili la Excel lenye namba za simu na magonjwa ya watu (walikuwa wanauliza nani asile nini), na faili lenyewe lipo kwenye laptop ya mtu aliyeshaacha kazi. Taarifa za afya hizo, GDPR inazipa ulinzi wa ziada.

Bila daftari huwezi kujibu mtu akiomba nakala ya taarifa zake, na una mwezi mmoja tu wa kumjibu, labda ombi liwe gumu ndo uongezewe miwili. Data ikivuja ni saa 72 kumjulisha mdhibiti (mamlaka inayosimamia ulinzi wa data) tangu ujue, na wikendi inahesabiwa humo humo. Hapo ndo utaanza kuulizana nani ana orodha?

Kuhusu kupeleka data nje ya Ulaya, hapa nitasema ninavyoona mimi. Makubaliano ya kwanza na Marekani, Safe Harbor, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyafuta 2015, ikaja Privacy Shield nayo ikafutwa Julai 2020, sasa kuna mpango mwingine tangu Julai 2023 na mimi siwezi kujenga ghorofa juu yake. Meta, wenye Facebook, walipigwa faini ya yuro bilioni 1.2 Mei 2023 kwa suala hilihili, na walikuwa na vile vifungu sanifu vya mkataba (maneno yaliyoandaliwa tayari na Tume ya Ulaya, mnayosaini na anayepokea data nje), sio kwamba hawakuwa navyo. Kwa hiyo mkisaini vifungu msivifungie kabatini, kaeni mwangalie huko data inakoenda serikali inaweza kuichungulia vipi, na kama kuna data haina ulazima wa kwenda basi ibaki. Hili la mwisho ni la bei rahisi kuliko mwanasheria yeyote.

Mafunzo yaliendelea kama kawaida, sina la kuongeza.

Mwakani tunafanya zoezi la uvujaji wa data wa kuigiza, tutawashtukiza, tuone nani anapiga simu kwa nani. Ambao daftari halijaisha wamalizie kabla ya hapo. Fomu katibu atawatumia, na jamani, safari hii msimjibu kwa kuambatisha orodha za wateja wenu.

Mwenyekiti