Dola 10 za kupapasa mbwa

Juma lililopita mama mmoja wa mtaa wa Himbi alitoka kwenye kliniki yetu ya wanyama hapa Goma na hasira: eti tumemlipisha dola 10 kwa kupapasa mbwa tu. Si wa kwanza mwaka huu, na neno hilo linatuuma. Basi nieleze vidole vyetu vinatafuta nini.

Kilo peke yake hazisemi kitu. Mbwa wawili wa kilo 30, mmoja ni mnene, mwenzake amekonda, kila mmoja na umbo lake. Kwa hiyo akishuka kwenye mizani tunapapasa mbavu. Jaribu kwako mwenyewe. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Nyoosha mkono, papasa mgongo wa mkono huo: mifupa unaisikia chini ya ngozi bila kubonyeza. Mbavu zikiwa hivyo, hapo ndipo tunapopataka. Geuza kiganja, gusa chini ya vidole: mbavu zikiwa hivyo, unasikia nyama kwanza, mbwa amenenepa. Kisha tunamtazama kutoka juu kama ana kiuno, na ubavuni kama tumbo linapanda kuelekea miguu ya nyuma. Tunaandika namba, 1 hadi 9. Nzuri ni 4 au 5.

Jicho hudanganywa na manyoya. Mzee mmoja wa Katindo aliona tumbo la mbwa wake limejaa, akampunguzia bugali wiki tatu. Alipomleta, nilizamisha vidole nikakuta mbavu kama bati la nyumba. Tumbo lile lilikuwa la minyoo! Dawa ya minyoo alikuwa amempa, kidonge cha kununua mtaani Birere, amekata nusu kwa kukisia, mbwa hajapimwa. Chini ya darubini choo kilijaa mayai. Zile dola 10 alizokwepa zikawa 45, pamoja na serumu, maji ya kutundikiwa mshipani, ya siku nne.

Unene nao una gharama. Marekani walifuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Matokeo yalitoka 2002. Waliolishwa pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao.

Mbwa wa mama wa Himbi tulimwandikia 7, yaani amenenepa. Asubuhi anakula bugali na sambaza, wale samaki wadogo, za mama, mchana watoto wanamgawia, usiku mlinzi naye anamkatia kipande. Kila mmoja anadhani ni yeye tu. Mama, chagueni mtu mmoja wa kumlisha, kwa kikombe kimoja kilekile, na umrudishe baada ya wiki mbili. Kumpandisha kwenye mizani hatulipishi.