Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wanachama wenzangu,

Habari za ada na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya jambo lililotushughulisha kuliko yote kwenye vikao vyetu vya kusoma picha za uchunguzi wa wagonjwa: limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga, inayoanzia katika viungo vya uzazi vya mwanamke.

Ni ugonjwa adimu, na uadimu huo ndio unaotuponza. Hapa Nairobi tumezoea saratani ya kawaida ya shingo ya kizazi, basi kila uvimbe wa mahali pale tunaupa jina hilo. Nami nilifanya hivyo. Mama mmoja aliletwa kwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, shingo ya kizazi imevimba pande zote, na Pap smear yake, kipimo cha seli zinazokwanguliwa juu ya shingo ya kizazi, haikuwa na kasoro. Nikaandika saratani ya kawaida. Biopsi ya pili, yaani kipande cha nyama kwa ajili ya maabara, iliyochukuliwa ndani zaidi, ikaonyesha limfoma ya seli kubwa za B, aina mojawapo ya seli hizo za kinga.

Nimeirudia picha ile mara nyingi. Uvimbe ulikuwa wa rangi moja kote, haukuoza katikati, na mstari mwembamba wa utando wa ndani ulibaki mzima. Kwenye picha za difyusheni, zinazoonyesha maji yanavyosogea kati ya seli, uling'aa. Kwenye ramani ya ADC, inayopima msogeo huo, ukawa mweusi, maana seli za limfoma hubanana hata maji yakakosa pa kusogea. Limfoma huanzia chini ya utando, ndiyo sababu Pap smear huikosa.

Kwenye ovari, shukuni limfoma mnapoona uvimbe mgumu wa pande zote mbili, vifuko vya mayai vimesukumwa pembezoni, na tumboni hakuna maji mengi. Kwa wasichana wadogo mkumbuke limfoma ya Burkitt, ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Nayo hupenda ovari. Na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, wazo la limfoma lije mapema.

Picha haithibitishi ugonjwa. Maabara ndiyo huthibitisha, kisha PET-CT, picha ya mwili mzima inayoonyesha seli za saratani zilipo, ikaonyesha ulikofika. Lakini mstari mmoja kwenye ripoti, "fikirieni limfoma, chukueni biopsi ya ndani," waweza kumwepusha mama kuondolewa kizazi bure, kwa kuwa tiba yake kuu ni dawa, kama R-CHOP, mchanganyiko wa dawa za saratani, si kisu.

Kikao cha kwanza cha mwaka ujao kitakuwa cha ovari. Mwenye picha ailete, akishafuta jina la mgonjwa.