Kwa Hamadi, kuhusu Rafiq na yule farasi wa kijivu

Ndugu yangu Hamadi,

Asalaam aleikum. Wazee hawajambo? Huku Seeb sote wazima, alhamdulillahi. Bi Zuwena anakusalimu, na achari yake ya maembe bado anaingoja.

Nakuandikia kwa ajili ya Rafiq, yule kijana wa Sylhet, Bangladesh. Amepewa farasi jike wa kijivu amzungushe kila alfajiri kwa troti, ule mwendo wa mchakamchaka, na tangu hapo jike kabadilika. Ukimpitishia brashi mgongoni anabonyea, masikio kayalaza nyuma. Rafiq si mkatili, ni mpole kuliko sisi sote. Ila anakaa kama gunia huku farasi anamrusha, basi kila hatua uzito wote unaushukia uti wa mgongo. Daktari wa wanyama kasema apumzishwe kwanza, kwa hiyo sasa tunamfundishia kijana juu ya yule farasi mzee mwekundu.

Wewe unajua, troti ni mapigo mawili: mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto, kisha wenzao. Pigo moja unanyanyuka, la pili unakaa, taratibu, bila kujitupa. Sasa mweleze hayo mtu ambaye Kiarabu chake ni cha maji na majani! Jana mwenzake wa Chittagong akanipa maneno mawili ya kwao: otho, inuka, bosho, kaa. Nikasimama katikati ya uwanja napiga makofi, "otho, bosho, otho, bosho," na Rafiq huyo, ananyanyuka! Mzee mwekundu akashusha shingo, akapumua puani kwa kishindo. Nusura nilie kwa furaha.

Kilichobaki ni upande. Wakizunguka kushoto anyanyuke bega la kulia la farasi likienda mbele. Wakigeuza, akae mapigo mawili mfululizo ndipo anyanyuke. Yeye analitafuta bega kwa kuinama, na vikuku vya kukanyagia vinamtoka miguuni. Halafu kisigino hakishuki. Naogopa mguu uzame ndani ya kikuku, akianguka aburuzwe.

Wewe ulitufundishaje kulijua bega bila kutazama chini? Ulitufumba macho, au yule alikuwa Seif? Utanirekodia sauti, huyu wa Chittagong amtafsirie? Na mgongo wa jike, niukande au niuache? Mwanao kashapata chuo? Unakuja lini?

Wako,
Nassor