Ruhusa ya kumuua kunguru si ruhusa ya kumtesa

Ndugu Mhariri,

Tangu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, litangaze mwezi Juni 2024 kwamba linakusudia kuangamiza kunguru wa Kihindi milioni moja kabla ya mwaka kwisha, mabaraza ya Mombasa hayajaishiwa na maneno. Nimesikiliza sana, na naona tunabishana kama kunguru ni msumbufu, jambo ambalo halina ubishi. Linalorukwa ni hili: kiumbe akishatuudhi, je, tunaruhusiwa kumfanya lolote?

Mashtaka yake ni ya kweli. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo: shore, mnana na chozi. Hunyakua vifaranga uani, hudonoa sahani za wageni kwenye hoteli za Nyali na Bamburi, na chini ya mti anaolala hapakaliki kwa kinyesi. Anayenichekesha ni yule anayemshitaki kwa ugeni. Zanzibar kunguru huyu aliletwa makusudi miaka ya 1890 ili ale taka, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshafika hapa kwetu. Kazi aliyoletewa ameifanya mpaka leo. (Na mji uliojengwa na watu wa Hadhramaut ya Yemen, Kutch ya India na Ukambani ungejihadhari kidogo na hoja ya nani alikuja lini.)

Hoja inayofunga watu midomo barazani ni ile hadithi ya Mtume iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, ya viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka: kunguru yumo, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Anayeitaja huinua kikombe chake cha kahawa kana kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Muslim huyo huyo amepokea hadithi ya sahaba Shaddad bin Aws kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apunguziwe taabu. Basi ruhusa ya kuua haikuja peke yake, ilikuja na sharti la namna ya kuua. Na tusisahau kwamba Qur'ani inawataja ndege kuwa ni umma mfano wetu (Al-An'am, aya ya 38), na kwamba aliyepelekwa kumwonyesha mwana wa Adam jinsi ya kumsitiri nduguye aliyemuua alikuwa kunguru (Al-Maida, aya ya 31).

Sasa tuitazame hiyo namna. Dawa inayotegemewa na mpango wa KWS ni sumu iitwayo Starlicide, nayo huwekwa kwenye vipande vya nyama. Sifa yake ni kwamba kiasi kinachomuua kunguru hakiwadhuru sana wanyama wengine wengi, na sifa hiyo inastahili kupewa. Lakini haiui papo hapo. Huharibu figo, ndege hula, huruka zake, akaenda kufia kwingine baada ya saa nyingi. Hiyo ni hali ya ndege mmoja, na mpango unasema milioni.

Kuna watakaosema ndege hajui kinachompata. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yao juu ya kunguru wa Ulaya, ambaye ni jamaa wa huyu wetu. Waliwafundisha ndege kujibu kama wameona alama hafifu kwenye skrini au hawakuiona, huku wakipima chembe za neva ubongoni. Alama ikiwa ile ile, hafifu vile vile, chembe hizo zilikwenda na jibu la ndege mwenyewe: alichodai kukiona au kutokiona. Nyuma ya macho yale meusi, basi, kuna mwenyewe anayeona. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba swali juu ya wanyama si kama wanaweza kufikiri wala kama wanaweza kusema, ila kama wanaweza kuteseka. Kwa kunguru, la kufikiri na la kuteseka yamejibiwa, na kwa kelele zake za alfajiri, hata la kusema naanza kulitilia shaka.

Wanafalsafa wenyewe wamegawanyika hapa. Tom Regan, Mmarekani, alishikilia mwaka 1983 kwamba mnyama mmoja mmoja ana thamani yake mwenyewe na hafai kutolewa kafara kwa faida ya kundi. Upande wa pili wako wanaohesabu spishi na mazingira mazima. Kwao kunguru milioni ni bei inayolipika ili mnana abaki. Msimamo huo Regan aliuita ufashisti wa mazingira, na hakuwa akitania.

Moyo wangu uko kwa Regan, lakini kwa jambo hili hanitoshi. Ukimwacha kunguru, makinda ya mnana wataendelea kuliwa wangali hai, nao wanahisi. Najua jibu lake: kunguru hana wajibu wowote, hatendi dhambi. Ni kweli. Ila sisi tunao wajibu, na ni binadamu waliomleta huku. Tukikaa kimya, tumeshaamua nani afe.

Kwa hiyo nakubali apunguzwe. Ninachokataa ni kuanza na sumu. Dawa hii hii ilitumika Malindi na Watamu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kunguru wakapungua sana, na iliposimama wakarudi, kwa kuwa chakula kilikuwa kinawangoja. Jaa la Kibarani lilifungwa na taka zikapelekwa Mwakirunge, sawa. Lakini pita Kongowea jioni wachuuzi wakifunga, au popote wanapopara samaki, uone matumbo na mabaki yaliyoachwa hapo mpaka asubuhi. Ukimuua kunguru na jaa ukaliacha, umempisha mwenzake aje ale, na mateso ya yule wa kwanza yamekwenda bure kabisa. Hapo ndipo pananiuma zaidi kuliko sumu yenyewe. Zoeni taka kwanza, kila siku. Kisha vunjeni viota na kutoa mayai mapema, maana yai bichi halina uchungu. Anayebaki anaswe kwa mtego na kuuawa kwa mkono mwepesi. Ni kazi ya jasho na ya gharama, naelewa kwa nini nyama yenye dawa inavutia.

Kaunti na KWS watujibu hadharani kabla ya nyama hiyo kuwekwa mtaani kwetu: majaa yapi yatazolewa na kuanzia lini, nani atakusanya mizoga ili watoto wasiiokote, na kunguru atakayekutwa chini asubuhi bado anahema, mfanyakazi wao ameelekezwa amfanye nini. Kama hilo la mwisho halijaandikwa popote katika mpango wao, dawa na isubiri.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa